Hakuna Kitu Kinacholala Peke Yake Katika Hema Yetu

Mama, ni wawili. Nimezaa mapasa, wasichana, wote wazima, na huku kambini hakuna tena mutu anayeniita Feza. Wapagazi, mupishi, hata muzungu mwenyewe, wote wananiita Mama Mapasa. Nimetanguliza hiyo kwa sababu namujua Kaka Leonardi anayekusomea: barua ikianza na salamu, anaruka mistari akitafuta habari iko wapi. Basi habari ameipata. Sasa arudi nyuma pole pole, akusalimie kwa sauti nzuri, kama vile ni mimi nimeketi hapo kwenye kigoda kando ya moto wako.

Umeamkaje, Mama? Goti lako linakubali kushuka kisimani ao bado linakutesa? Baba, kifua chake kimetulia? Mupunga muliuvuna wote, ao ndege walijikatia sehemu yao? Sisi tuko wazima, lakini kuchoka tumechoka. Naandika nimeegemea nguzo ya hema, Huyu iko juu ya magoti, Yule iko mugongoni, na mukono wa kuandika ndio peke yake wenye nafasi. Maandishi yakipinda, Kaka asicheke. Masista walinifundisha kuandika juu ya meza, hawakunifundisha kuandika juu ya mutoto.

Huyu na Yule si majina. Ni namna tunavyowaita tu, wa kwanza kutoka Huyu, wa pili Yule, kwa kuwa mapasa hawapewi majina yao ya mapasa mpaka siku ya kuwatoa inje mbele ya ndugu wa baba na ndugu wa mama. Na siku hiyo, Mama, ndiyo iliyonitesa tangu wazaliwe. Kuna wakati niliona haitafika, ao itafika ninyi hamuko. Wacha nieleze tangu mwanzo.

Najua swali lako la kwanza. Uliniagiza nirudi Kasongo kabla tumbo halijashuka, na mimi nilifunga vitu vyangu mapema. Lakini mvua ya mwaka huu ilikuja na hasira. Kambi yetu iko mbele ya Lusangi, mwendo wa mutu mwenye miguu mizuri, na miguu yangu ilivimba kama mihogo iliyolowekwa. Daraja la miti lilichukuliwa na maji, kamyo ya kunibeba ikabaki Kabambare, na mume wangu Musafiri hakupata ruhusa ya kunisindikiza. Unajua kazi yake: yeye ndiye kapita, musimamizi wa watu wanaotafuta mawe. Wanachota muchanga katika kila kijito, wanauosha ndani ya karai, kile kinachobaki chini wanakitia katika mufuko mudogo, na muzungu wao anakiangalia kwa kioo aone kama iko dhahabu ao bati. Ndiyo maana tunamuita Bwana Mawe. Vijito vya pahali fulani vikiisha tunavunja kambi, tunakwenda mbele, tunasimamisha tena.

Wengine wanajijengea vibanda vya majani, lakini sisi tulipewa hema. Usifikiri ni hema ya kizungu yenye kitanda na meza. Ni hema kuukuu ya vyombo, turubai imeshonwa shonwa, na Bwana Mawe alisema kapita alale humo na vyombo vyake, mwizi akija amukute. Kwa hiyo nusu ni nyumba yetu, nusu ni ya kazi. Vyombo vikubwa havisumbui mutu, sepeto na karai vinalala inje na hakuna anayevitamani. Vidogo ndivyo vinavyoua. Sindano za kushonea mifuko, kiberiti, mishumaa, misumari, dira, kile kioo, kinini, kamba ya kupimia, visu. Nilipofika mara ya kwanza vyote vilikuwa katika sanduku moja la bati, vimechanganyika kama mboga ya mwanamume asiye na muke. Kila asubuhi Musafiri alipindua sanduku akitafuta sindano, na akiipata, ameipata kwa kidole.

Nilivumilia siku chache tu, kisha nikamwambia: ondoka hapo, wacha mwenye nyumba apange. Nikafanya kama jikoni kwako. Kwako hakuna kitu kinachokaa chini. Kila kitu iko juu ya uchanja wa moshi ao kimening'inia kwenye kamba, na mukono wako unakifikia huku unaongea na watu. Katika hema, chini ni pa maji na muchwa. Nikafunga kamba toka nguzo ya mulango mpaka nguzo ya nyuma, nyingine nikazipitisha pembeni. Kipande cha turubai kilichobaki nikakishona mifuko mifuko kama vazi la mupishi, nikakitundika kando ya mulango: kile kinachotafutwa kila siku kikae hapo, kile kisichotafutwa ila siku ya kuvunja kambi kikae nyuma kabisa. Sindano nikazichoma katika kipande cha mushumaa, kutu haizigusi. Kiberiti nikakitia ndani ya chupa pamoja na mupunga mukavu, nikafunga kizibo, na mvua zote zile kimewaka. Misumari ndani ya vibuyu. Ukitikisa, mulio wenyewe unakuambia ni mikubwa ao midogo. Taa upande wa kushoto wa mulango, kwenye kimo cha bega langu.

Mifuko ya muchanga ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kila mufuko unatoka katika kijito chake, na shingoni umefungwa kibati kidogo chenye numero iliyopigwa kwa nyundo. Muchanga wote unafanana. Bila kibati hata Bwana Mawe hajui umetoka wapi. Mimi nikaitundika kwenye kamba ndefu, moja moja, kwa namna vijito vinavyofuatana toka kilimani mpaka kwenye muto mukubwa. Ukisimama mulangoni unaona inchi yote imening'inia.

Siku moja Bwana Mawe alileta muzungu mwenzake toka Kabambare. Hakuja kuona mawe, alikuja kuona hema yangu. Walisimama mulangoni, kofia mukononi, mugeni akasema maneno ya Kifaransa. Nikamuuliza Musafiri, anasema nini? Akanijibu, "Anasema wewe ungewapangia biro lao la kazi." Sijui kama alitafsiri vizuri, lakini mimi nimeipokea hivyo hivyo na sitairudisha. Umuambie jirani yako wa ng'ambo ya barabara, yule aliyesema nakwenda kulala porini kama nyani.

Ndani ya hema hiyo ndimo walimozaliwa. Sitaandika mengi juu ya kuzaa, kwa kuwa Kaka Leonardi ni mwanamume na anasoma kwa sauti. Nilifikiri nimemaliza. Muke wa mupishi alikuwa anamufuta mutoto, akaniangalia, akasema, "Ngoja, Feza, tumbo halijashuka."

Nikamuambia huo ni uchovu tu.

Akapapasa, akacheka. "Uchovu huu una miguu."

Musafiri alipoambiwa ni mapasa alikaa juu ya jiwe, akatazama mbele. Kisha akatuma mutu Lusangi kumuita shangazi yake, Bibi Asumini, kwa kuwa kwao mapasa hawaogeshwi na kila mutu. Anawaogesha yule aliyezaa mapasa mwenyewe. Bibi Asumini alizaa wawili zamani, wanaume, sasa ni wazee wenye wajukuu, na yeye bado anatembea kama vile amewazaa jana. Alikuja na fimbo mbili, Mama. Moja ingemutosha.

Aliingia, akawapaka watoto udongo mweupe wa pemba, akanipaka na mimi usoni na mikononi, kisha akainua macho akaangalia kamba zangu. Mimi nikangoja sifa.

"Nani alipanga hivi?"

"Ni mimi, Bibi."

"Umepanga vizuri. Umepanga kama mutu aliyezaa mutoto mumoja."

Wewe unajua desturi, na kwetu wazee husema hivyo hivyo: kwa mapasa kila kitu ni viwili. Huyu akipewa kijiko, Yule naye apewe kijiko. Kitu kikilala peke yake mbele yao, mumoja atajiona yeye ndiye amezidi, ataondoka. Padri anaweza kusema mengine, lakini Padri hajazaa. Na mimi sikuwa na nguvu ya kushindana. Tangu uchungu uanze sikuwa nimefunga jicho. Nikamuachia Bibi hema, nikalala muchana kutwa kama gogo.

Nilipoamka, hema ilikuwa nyingine. Sindano zimechomwa mbili mbili. Vibuyu vimefungwa shingo kwa shingo. Taa, kwa kuwa ilikuwa moja, imefukuzwa inje. Dira ya Bwana Mawe nayo haina mwenzake kambi nzima, lakini Bibi aliitafutia: aliifunga pamoja na kikopo cha dawa ya viatu, kwa kuwa vyote viwili ni vya muviringo na vina kifuniko. Na mifuko ya muchanga aliishusha yote, akaifunga miwili miwili kama kuku wa sokoni. Vibati vya numero alivikata. Alisema vinapiga kelele bure kwenye shingo ya mufuko. Akavitunga katika nyuzi, akawavalisha watoto miguuni. Huyu akipiga teke, chwe chwe chwe. Yule anamujibu, chwe chwe chwe. Mama, kusema kweli walipendeza. Macho yangu yalikuwa bado na usingizi, nikafikiri ni mapambo ya kwao Lusangi, nikalala pale nikiwaangalia na kuwaza namna watu wa Kasongo watakavyowasifu.

Asubuhi yake Bwana Mawe akaja na wapagazi kuchukua mifuko iende Kabambare. Akainama mulangoni, akaona kamba tupu.

"Musafiri, muchanga iko wapi?"

"Iko hapa, Bwana." Musafiri mwenyewe alikuwa amerudi toka kijitoni jioni, amechoka, hakuangalia kitu. Akainua mufuko, na mwenzake ukafuata.

"Numero iko wapi?"

Hapo Huyu akapiga teke.

Bwana Mawe alisikiliza, akaja, akafunua kitambaa kwa vidole viwili, akaona numero za vijito vyake vyote zinacheza kwenye miguu ya watoto. Uso ulimuwaka. Akaanza Kifaransa, Kifaransa kirefu, cha juu, watoto wakashituka wakalia pamoja. Bibi Asumini akasimama na fimbo zake zote mbili.

"Umuambie muzungu wako, mbele ya mapasa hawapigi kelele. Aliyepiga kelele anatoa faini ya vitu viwili."

Musafiri akamunong'oneza, "Shangazi, si wakati wake."

"Wakati wake ni upi? Wakishakufa?"

Basi Musafiri akatafsiri, macho yake chini. Bwana Mawe akarudi kwenye Kiswahili. "Umuambie mama huyu amevunja kazi yangu ya mvua nzima."

"Muchanga ni muchanga," Bibi akasema. "Kijito hakikwenda safari. Arudi akachote."

Nilitamani udongo upasuke, unipokee mimi na kitanda changu. Bwana Mawe akakaa juu ya sanduku la bati, na hasira ilipomutoka ndipo nilipoogopa zaidi, kwa kuwa alisema pole pole kama mutu anayehesabu mifupa ya samaki. Alisema Musafiri atarudi kwenye vijito vyote, toka cha kwanza. Alisema ile konje aliyotuahidi, ruhusa ya kuacha kazi tuje Kasongo mimi nikiweza kutembea, ameifunga. Itafunguliwa siku mifuko itakaporudi kwenye kamba, na kama mvua itaanza tena kabla ya siku hiyo, basi hakuna konje mpaka mwaka mwingine.

Mwaka mwingine, Mama. Watoto wawe wanakimbia hawana majina, na Baba na kifua chake.

Kabla jua halijazama mupishi alileta makopo ya maziwa toka kwa Bwana Mawe. Yalikuwa mawili. Bibi Asumini akayapokea, akayaangalia chini na juu. "Anajifunza," akasema.

Musafiri hakugombana na shangazi yake, kwa kuwa hasira hairuhusiwi mbele ya mapasa. Alikwenda nyuma ya hema akakasirikia kuni. Tulipika kwa hasira hiyo mwezi muzima.

Likabaki shauri la namna ya kutundika mifuko ikirudi. Moja moja Bibi hataki hata kusikia. Ukifunga kijito hiki na kijito kile pamoja, Bwana Mawe atalia tena. Nikasema mimi nitaitundika inje, Bibi akasema inje kuna umande na mwizi. Tulikaa, kila mutu na lake. Ndipo Musafiri akasema, "Basi kila kijito kitoe mifuko miwili. Miwili yenye numero moja, vibati viwili. Wanalala pamoja, ni ndugu." Akakwenda kumuambia Bwana Mawe, naye akafikiri akasema vizuri, mumoja utakwenda Kabambare, mumoja utabaki kambini. Musafiri alijua anachosema, Mama. Ni kuchota mara mbili, kuosha mara mbili, kubeba mara mbili. Hakuangalia upande wangu alipokuwa anasema, na mimi nikajifanya ninafunga kamba.

Akaondoka na watu wake. Mimi nikabaki, na hapo ndipo kuchoka kulipoanza kwa kweli. Usiwaamini wanaosema mapasa ni furaha mara mbili. Furaha ni moja, kazi ndiyo mbili. Muchana nilishona mifuko mipya, kila mumoja na mwenzake, Bibi akikagua. Mara kwa mara mutu anakuja toka kijitoni kuchukua mifuko mitupu na kuniambia kapita anasalimu, kapita miguu inamuuma, kapita iko kwenye kijito fulani bado. Nikimunyonyesha mumoja, mwenzake analia kwa wivu. Mumoja akilala, Bibi anamuamsha mwingine naye alazwe upya, wafuatane. Hema imepasuka pembe ya nyuma. Nikihamisha kitu kimoja nahamisha viwili. Siku hizo nilichoka hata nikasahau kujisifu, na wewe unanijua, hiyo si kitu kidogo.

Kisha Yule akashikwa na homa. Alikuwa mwepesi mikononi kama kifaranga, hanyonyi vizuri. Munganga anayepita na dawa za kambi akatupa kinini, akatufundisha kiasi chake. Nikimupa Yule dawa, Huyu naye alambe kijiko cha maji. Nikimubeba mwenye homa, nimubebe na muzima. Na Bibi Asumini, aliyekuwa ametulia siku zote, akaanza kunizunguka.

"Watoto hawa wanangoja nini wasitolewe inje?"

"Wanangoja baba yao, Bibi. Na mama yangu."

"Mama yako iko Kasongo. Homa iko hapa. Tuwatoe hapa hapa, kesho, wapate majina, watulie."

Nilitaka kukubali, Mama, sikufichi. Ningesema ndiyo tu, wangeimba wake wa wapagazi ambao sijui hata kwao, mambo yangeisha, na mimi ningelala. Yule alikuwa ananiangalia kwa macho ya homa. Nikamuuliza Bibi, "Majina atayatoa nani?"

"Mimi nitayatoa."

"Wewe ni upande wa baba. Upande wa mama uko wapi?"

Akaokota fimbo zake.

"Bibi," nikamuambia, na sauti yangu ilikuwa imeisha, "wewe umenifundisha kwamba kitu hakilali peke yake mbele yao. Sasa uwatoe kwa upande mumoja? Mumoja wao aseme yeye ana watu, mwingine aseme yeye hana?"

Alikwenda akakaa mulangoni, fimbo juu ya magoti, akanipa mugongo. Halafu akasema, hakugeuka, "Mama yako alizaa mutoto mwenye kichwa kigumu."

"Alizaa wengi, Bibi. Mimi ndiye laini wao."

Akacheka hata akakohoa. Akamuchukua Yule, mimi nikamuchukua Huyu, tukawashika mpaka jasho likamutoka Yule shingoni, akanyonya. Siku zilizofuata alirudisha mwili pole pole. Leo amemupita ndugu yake kwa kelele.

Juma lililopita Musafiri amerudi. Miguu yake sitakuandikia, utaiona. Alifika muchana, watu nyuma yake wamebeba mifuko, akaoga, akawabeba watoto wote wawili kwa mara moja, akasimama nao katikati ya hema hajui aweke wapi macho. Kisha tukatundika. Yeye ananipa, mimi nafunga, Bibi Asumini anashika ncha ya kamba na kusema, "Ndugu yake iko wapi? Leta ndugu yake." Toka kilimani mpaka muto mukubwa, miwili miwili, kila miwili na numero yao. Kamba ilishuka kwa uzito, tukaweka nguzo ya katikati. Sijawahi kupanga kitu kizuri hivyo, na sijawahi kuchoka hivyo nikiwa nakipanga.

Bwana Mawe akaja. Alipita kando ya kamba akigusa kila kibati, midomo inatembea, mpaka mwisho. Akarudi akigusa tena. Alipomaliza hakutuangalia sisi, alimuangalia Bibi Asumini.

"Viwili," akasema.

"Viwili," Bibi akamujibu.

Akamugeukia Musafiri. "Kwenda kwenu. Rudi kabla ya mvua."

Basi tunakuja, Mama. Vibati vya numero vimerudi kwa wenyewe, lakini Musafiri amewakatia watoto vingine toka kwenye makopo yale ya maziwa, visivyo na numero, na mulio wake ni mutamu zaidi. Tutashuka Kabambare kwa miguu, tukipumzika njiani. Huko Padri atawabatiza, wapate majina ya watakatifu. Ya mapasa yatangoja mujomba wangu, ndugu yako, kwa kuwa hakuna mwingine wa upande wetu anayeweza kuyatoa. Toka Kabambare tutapanda kamyo. Bibi Asumini anakuja na sisi, na ndugu za Musafiri wa Lusangi wanakuja nyuma yake, si wachache. Mumutayarishie Bibi vigoda viwili. Akikaa kwenye kimoja, kingine kibaki kando yake, usiulize.

Siku hiyo mutu asilete kitu kimoja. Kuku wawili, vyungu viwili vya pombe, na kama ni kitambaa, vipande viwili vya rangi moja, mumoja asionewe wivu. Anayemusifu mumoja amusifu na mwingine kabla hajapumua. Ngoma mutafute mapema. Na nyimbo za matusi, Mama, ziimbwe zote, musinionee huruma kwa kuwa nimekonda. Munitukane mimi na Musafiri mpaka tushindwe kuinua macho, ndivyo mapasa wanavyofurahi. Dada zangu waanze kukumbushana sasa hivi. Wanawake wa upande wa Musafiri wana mudomo, nimewasikia, na sitaki kwetu tushindwe kwenye uwanja wetu. Padri wa Kasongo ataalikwa kwa chakula, nyimbo ziwe zimekwisha.

Umusalimu Baba, umuambie asihangaike kuja kutupokea barabarani, akae kwenye kivuli cha nyumba, wajukuu wataletwa mpaka kwenye mikono yake. Salamu kwa Kaka Leonardi kwa sauti yake mwenyewe, na kwa muke wake aliyenipa ile blanketi. Imewafunika wote wawili. Salamu kwa mama mudogo anayeuza chumvi sokoni, aanze kuniwekea. Salamu kwa shangazi aliyeninyoa kichwa siku nilipoolewa, kisu chake akinoe, nywele za watoto hazijaguswa, zinamungoja yeye. Salamu kwa mujomba kuliko wote. Umupelekee mutu kesho, si siku nyingine, ajue majina yanamungoja na sisi bila yeye hatuwezi kufanya kitu. Na jirani wa ng'ambo ya barabara naye aje, nitamupa mutoto amubebe. Atawabeba wawili.

Mimi ni yule yule mutoto wako Feza, niliyechoka na niliyepata. Muke wa mupishi anasema uso wangu umezeeka. Mimi nasema umekuwa wa mama ya watu wawili. Siku tumeipanga pamoja na upande wa Musafiri, nao wamekwisha kuikubali, kwa hiyo isisogezwe mbele wala nyuma: ni Jumamosi ya kwanza nyuma ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, asubuhi, umande ukikauka, kwenye uwanja wako.